Mizigo Haikujibeba

Mwezi wa Juni hapa Ikonda ukungu hauna haraka ya kuondoka. Saa nne asubuhi bado umelala juu ya mashamba ya viazi, na mzee wa umri wangu hana mahali pa kukaa isipokuwa jikoni, karibu na moto. Hapo ndipo aliponikuta mjukuu wangu wa kidato cha nne, alipokuja likizo, akiwa na simu mkononi. "Babu, hebu tazama hizi," akaniambia, akavuta kigoda akaketi kando yangu. Zilikuwa picha za askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Nakiri kwamba zilikuwa picha nzuri. Vijana waliovaa kofia za chuma wameketi juu ya kifaru, sigara mdomoni, kana kwamba wako juu ya trekta la shamba. Gari dogo la Jeep limezama matopeni nusu ya magurudumu, kama yanavyozama magari ya kwetu wakati wa masika. Makasha ya risasi yamepangwa ufukweni, moja juu ya jingine, yakapita kimo cha nyumba. Mjukuu wangu hakuniacha nitazame kimya. Alinifundisha kama nami nilivyofundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na mitano. Bunduki hii ni M1 Garand, inaingia risasi nane kwa mara moja. Kifaru hiki ni Sherman, kinachukua watu watano. Jeep zilitengenezwa zaidi ya 600,000 kabla vita haijaisha. Yote hayo alikuwa nayo kichwani, bila kukosea, nami nikafurahi kuona kwamba kichwa kinafanya kazi.

Ndipo nikamwuliza swali moja. "Na vitu vyote hivi vilifikaje hapo?"

"Vililetwa, Babu."

"Na nani?"

Akanitazama, akaitazama simu, kisha akasema, "Vililetwa tu."

Ndugu msomaji, nimeyaandika haya kwa sababu ya maneno hayo mawili. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba kauli ya kutendwa ina hila yake: yaweza kusimama bila mtenda. "Mtoto amepigwa." "Fedha zimeliwa." Sentensi imekamilika, sarufi haina kasoro, lakini aliyepiga na aliyekula hawamo. Mimi nasema kwamba historia ya vita tunayoitazama katika picha, na tuliyoifundisha shuleni, nami nikiwa mmoja wa waliofundisha, imeandikwa kwa kauli hiyo. Zana zililetwa. Mto ulivukwa. Mzinga ulivutwa. Anayetazama picha ya zana bila kuuliza ni nani aliyezileta ameona bidhaa tu. Vita yenyewe hajaiona.

Nianze na hao Wamarekani, maana nao wana la kujibu. Mwaka 1944, majeshi yao yalipokuwa yakivuka Ufaransa kuelekea mpaka wa Ujerumani, mafuta, risasi na chakula vilifuata nyuma kwa msafara wa malori ulioitwa Red Ball Express. Msafara huo ulianza tarehe 25 Agosti ukakoma tarehe 16 Novemba mwaka huo, malori yakienda usiku na mchana. Takriban robo tatu ya madereva wake walikuwa Wamarekani weusi. Jeshi lao wakati ule liliwatenga weusi na weupe, na wengi wa weusi walipewa koleo, usukani na mizigo. Amri ya Rais Truman ya kuukomesha ubaguzi huo jeshini ilitoka mwaka 1948, vita ikiwa imekwisha. Ndivyo ilivyokuwa pia katika barabara ya Ledo, iliyokatwa kutoka India kupitia misitu ya Burma ili kuungana na njia ya kwenda China. Wamarekani wapatao 15,000 waliijenga, na zaidi ya nusu yao walikuwa weusi, pamoja na maelfu ya vibarua wa Kiasia.

Katika Burma hiyohiyo, mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikishuka bonde la Kabaw katika mvua kubwa, na ndani yake walikuwamo vijana wa Tanganyika, wale tuliowaita keya. Mtu mweusi wa Alabama na mtu mweusi wa Tanganyika walikanyaga tope la nchi moja katika vita moja. Zitafute picha zao kwenye simu, uone kwamba zinakuja baada ya vifaru vingapi.

Hata hivyo lipo jambo ambalo Wamarekani wametushinda, nalo linanisumbua kuliko silaha zao. Watu wengi wameiona picha ya askari sita wakisimamisha bendera mlimani katika kisiwa cha Iwo Jima, iliyopigwa na Joe Rosenthal tarehe 23 Februari 1945. Nyuso za watu hao hazionekani sawasawa. Kwa miaka mingi majina yao sita yalijulikana na kufundishwa. Kisha wakatokea watu waliozichunguza picha za siku ile kitu kimoja kimoja, kofia, mkanda, namna nguo ilivyokaa mwilini, wakasema kwamba jina moja si sahihi. Mwaka 2016 kikosi cha Marine kikakiri kosa na kubadilisha jina. Mwaka 2019 kikabadilisha jina jingine. Miaka 74 baada ya picha kupigwa, wote sita wakiwa wamekwisha kufa, taifa kubwa lilikaa chini kuhakikisha kwamba huyu ndiye huyu wala si yule. Hilo ndilo ninalotamani mjukuu wangu aliige. Garand awaachie wenyewe.

Sasa njoo kwetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipita milangoni mwetu. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakaichukua Tukuyu, yakafika Njombe, na mwezi Agosti yakaingia Iringa. Mwezi Oktoba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck, akitoka Msumbiji, akapita Songea na Njombe na Wajerumani wake na askari wake Waafrika, akielekea Rhodesia ya Kaskazini. Huko, mjini Abercorn, alisalimu amri tarehe 25 Novemba, siku kumi na nne baada ya vita kwisha Ulaya. Nchi yote hii haikuwa na malori ya kutosha wala barabara za kuyapitisha. Farasi na ng'ombe waliangamizwa na mbung'o. Reli zilikuwa mbili, ya Tanga na ya Kati, na zote ziko mbali kaskazini ya hapa. Kazi iliyofanywa na malori kule Ufaransa, kwetu ilifanywa na kichwa cha mtu.

Naomba tufanye hesabu ya darasa la tano. Mpagazi abebe kilo 25 za unga. Ale kilo moja kwa siku. Aende siku kumi hadi kwa askari, arudi siku kumi. Je, atawafikishia kilo ngapi? Tano. Ikiwa kambi ina askari 1,000 na kila mmoja anakula kilo moja kwa siku, kila siku lazima wafike wapagazi 200. Na kwa kuwa kila mmoja wao yuko njiani siku ishirini, watahitajika wapagazi 4,000 ili kuwalisha askari 1,000. Hapo hatujapakia risasi, wala hema, wala dawa, wala kitanda cha afisa.

Ndiyo maana Waingereza peke yao, katika makoloni yao yote yaliyoingizwa katika vita ya Afrika Mashariki, waliwachukua Waafrika wapatao milioni moja kwa upagazi na ukuli. Vifo vilivyoandikwa vinakaribia 100,000, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba vilivyotokea vilizidi hapo. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na uji wa unga usioiva. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, ambao hesabu yao haikutunzwa hata kwa kiasi hicho.

Picha za vita hiyo zipo. Alikuwapo Walther Dobbertin, mpiga picha Mjerumani aliyefanya kazi katika koloni hili, na picha zake zimehifadhiwa hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani. Zipo na za wengine. Humo utaiona mizinga ya Königsberg, ile meli ya kivita ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, wakaitoa mizinga yake kumi, wakaitia magurudumu na kuisambaza nchini. Mmoja leo uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Upana wa mtutu tunaujua: milimita 105. Jina la nahodha wa meli tunalijua: Max Looff. Walioivuta kwa kamba, kupanda vilima na kuvuka mabonde, wamepewa neno moja: wapagazi. Nilimwonyesha mjukuu wangu picha za namna hiyo. Akazikuza kwa vidole viwili ili auone mzinga vizuri. Kadiri mzinga ulivyokuwa mkubwa, ndivyo watu walivyotoka nje ya kioo.

Nenda Dar es Salaam. Kila siku maelfu ya watu wanatamka "Kariakoo" wakienda kununua viatu na nyanya, nao hawajui kwamba wanataja kambi ya kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, ambacho ulimi wetu ulikigeuza hivyo. Nairobi nako wanayo Kariokor yao. Tembea kidogo kutoka Kariakoo uifikie Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Juu yuko askari wa shaba na bunduki yenye singe. Chini kuna maandishi, nayo yanawataja wapagazi kwa jumla. Jina hakuna hata moja. Kisha panda basi uje Iringa, uingie makaburi ya vita, usome majina ya wanajeshi wa Ulaya yaliyochongwa vizuri katika mawe, na nyasi zimefyekwa.

Haya hayakutokea kwa bahati mbaya. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa yake yenyewe, ikakiri kwamba baada ya vita ile Waafrika na Waasia wengi waliachwa bila kaburi lenye jina, na wengi hata bila kuandikwa popote. Taarifa inakadiria kwamba waliokosa kukumbukwa kwa majina ni watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akasimama Bungeni akaomba radhi. Maofisa wa miaka ile walikuwa wameamua kwamba Mwafrika hana haja ya jiwe lenye jina lake, wakaliandika jambo hilo kana kwamba ni huruma.

Ni rahisi kumlaumu Mwingereza, na anastahili lawama. Lakini mimi sikukaa nikaandika kurasa hizi ili nimseme yeye peke yake.

Babu yangu mzaa baba alichukuliwa na Waingereza kutoka hapa Ukinga pamoja na mdogo wake. Alirudi. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia, nasi watoto tulicheza kwa kuiga mwendo wake, naye hakutukemea. Bunduki ya rashasha aliiita bombomu. Mdogo wake hakurudi. Babu alimtaja mbele yangu mara moja tu, jioni moja, akiwa amekunywa ulanzi. "Mwenzangu alikaa chini ya mti," alisema, "akasema miguu imekataa. Tukaambiwa twende." Basi. Mimi nilikuwa mtoto, nikaogopa kuuliza. Babu akafariki mwaka 1966.

Baba yangu aliishi hadi mwaka 1991. Kwa miaka ishirini na mitano nilikuwa na mtu wa kumwuliza, tukila sahani moja kila likizo. Miaka hiyohiyo nilisimama mbele ya ubao nikifundisha Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Niliandika Northey, nikaandika Smuts, nikaandika von Lettow-Vorbeck, na nilimkata alama mwanafunzi aliyekosea herufi za jina hilo la mwisho. Baadaye nikawa mkuu wa shule, nikawasimamia walimu wengine wafundishe hivyohivyo. Jina la meli nilikuwa nalo. Jina la babu yangu mdogo sikuwa nalo, wala sikuona kwamba limekosekana. Nilipozinduka na kuanza kuuliza katika ukoo, aliyelijua hakuwapo tena. Mwingereza hakunizuia kumwuliza baba yangu.

Wapo watakaonipinga. Wa kwanza atasema, "Mwalimu, vita ile haikuwa yetu, ilikuwa ya Wazungu." Ni kweli. Hiyo ndiyo sababu ya kudai zaidi. Aliyekufa akitetea nyumba yake amelipwa na nyumba yake. Aliyefungwa kamba akabebeshwa unga wa mtu mwingine, akafia chini ya mti kwa ugomvi asioujua, hana malipo mengine duniani isipokuwa sisi kumtaja.

Wa pili atasema, "Hayo ni ya zamani mno, vijana wanataka mambo ya leo." Mimi sioni hivyo. Kijana wangu alikuwa akikesha na picha za mwaka 1944. Vijana hawachukii zamani. Wameipokea ya watu wengine kwa sababu imewafikia ikiwa na picha, tarehe na majina, na ya kwetu haikuwafikia kabisa. Njaa hiyo tumeisababisha sisi, na shibe wameipata kwa jirani.

Wa tatu, ambaye ndiye mwenye hoja nzito, atasema, "Majina hayo hayapatikani tena." Mengi hayapatikani, kama lile la kwetu. Lakini si yote. Bado wako wazee ambao babu zao waliitwa tengatenga upande huu wa Nyasa, na wanayajua majina. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingizwa katika majeshi ya Uingereza katika vita ya pili, na watoto wao wako hai. Tena iko vita yetu wenyewe, ya Kagera. Idi Amin alituvamia mwezi Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka mwezi Aprili 1979. Tunaadhimisha Siku ya Mashujaa kila tarehe 25 Julai, na ni vema. Lakini madereva walioendesha malori na mabasi yaliyochukuliwa kwa ajili ya vita, mgambo, wapishi, waganga, wanawake waliokaanga na kusaga, wako wapi katika picha? Hao hawajafa wote. Wengine ni wadogo kuliko mimi. Tunakutana nao kwenye foleni ya Hospitali ya Ikonda, tunasalimiana kuhusu bei ya viazi, kisha kila mtu anakwenda zake.

Ninawashutumu basi walimu wenzangu, waliostaafu na walio kazini, na wazazi wa watoto hawa. Tusimnyang'anye kijana simu yake. Tusimkataze kutazama Sherman. Ila tusimpe alama ya historia mpaka ajibu swali la mtenda: nani aliileta? Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala semina mjini. Inahitaji daftari moja katika kila shule, na kila mtoto atumwe kwa mzee mmoja wa karibu kabla mzee huyo hajazikwa. Mistari iwe mitano: jina, alibeba au alifanya nini, alitoka wapi, aliishia wapi, na nani anasema. Mstari huo wa mwisho ni wa lazima, ili asitokee mtu wa kusema kwamba tumetunga.

Mjukuu wangu likizo ile alinunua daftari dukani hapa, la kurasa 96. Alizunguka siku sita, kwetu na vijiji vya jirani, kwa miguu. Alirudi na majina kumi na tisa: sita ya vita ya kwanza, matano ya keya, manane ya Kagera. Mmoja wa hao wa Kagera alimweleza habari za lori alilokuwa akiendesha, aina yake na uwezo wake, kwa muda wa saa nzima, na kijana alifurahi kupita kiasi. Hilo nalo liliandikwa. Sina ugomvi na zana, mradi dereva awe amekaa ndani.

Ukurasa wa kwanza nilimwambia auache kwanza, tutaujaza pamoja. Tulikaa jikoni usiku ule tukaujaza. Penye jina pamebaki wazi. Mengine tumeyaandika: alibeba unga, alitoka Ukinga, alikaa chini ya mti. Msemaji: kaka yake.